Sahani Mbili za Rangi ya Karoti

Machi 2

Daktari wa zahanati ya chuo amesema niandike. Nilimuuliza niandike nini, akasema chochote, mradi kila siku nishike kalamu. Nilikwenda kwake kwa sababu ya usingizi, lakini yeye kwenye kadi aliandika msiba. Basi nimechukua daftari la maabara lililobaki stoo, lenye kurasa zenye namba, na nimeanza.

Mama tulimzika Februari 19. Februari 20 nilikuwa kazini, maabara. Wengine walinisifu kwa ujasiri, wengine walinong'ona, na wote walikosea. Februari 20 ilikuwa siku ya kuhamisha, na T-41 hasubiri matanga ya mtu.

Nieleze T-41 ni nani, maana daktari akitaka kusoma haya atadhani ni mgonjwa mwenzangu. T-41 ni bakteria. Tulimtoa mwaka jana kwenye tope la bwawa la pili la majitaka, na alikuwa kwenye sahani ya kuotesha ya arobaini na moja. Tulisoma jeni lake, tukalilinganisha na la bakteria wote wanaojulikana, na ndugu yake wa karibu kabisa yuko mbali kiasi kwamba hata ukoo hawachangii. Hajawahi kupewa jina na mtu yeyote. Ana rangi ya karoti iliyochemshwa. Wenzake huonekana kwenye sahani baada ya siku tatu au nne. Yeye anachukua siku nane. Ukimgandisha kwenye friza anakufa, tumejaribu mara tatu. Kwa hiyo kila siku ya kumi nachoma waya motoni, nauacha upoe, nagusa kidoa kimoja, nakipaka kwenye sahani mpya. Nikichelewa amekwisha, na bakteria aliyekufa hapewi jina. Sharti awe hai, tena awe amewekwa kwenye benki mbili za vijidudu katika nchi mbili tofauti.

Leo nimehamisha. Sahani ya T-41 imejaa vizuri sana. T-38 amechoka. Huyu ni bakteria wa kawaida, yumo kwenye kila mtaro, tulimweka kwa kuwa rangi yao ni moja na tulitaka kuwalinganisha. Leo alikuwa na vidoa kama ncha za sindano. Profesa akasema hatumhitaji tena, nikamtia kwenye otoklevu, chungu cha mvuke cha kuulia vijidudu, pamoja na takataka nyingine. Dakika ishirini, basi. Mvua imeanza saa nane mchana.

Machi 3

Mvua. Nimeosha chupa.

Machi 5

Leo nimwandike Babu, kwa sababu amenichosha.

Babu ni mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, na T-41 ndiye shahada yenyewe. Ana miaka hamsini na miwili. Alifundisha biolojia sekondari miaka ishirini na minne, akaona asife bila kujaribu, akarudi darasani na watoto wa umri wa wanawe. Wao ndio waliompa jina la Babu, na mimi nimelirithi ingawa ananizidi miaka minane tu. Muda wake wa masomo umeongezwa mara mbili. Mwisho ni Juni 30, na hapo hakuna tena kuongezewa.

Anaimba puani akifanya kazi. Anatafuna vifuniko vya kalamu. Saa saba kamili mkewe hupiga simu kumuuliza kama amekula, naye hujibu amekula hata kama hajala. Ananiita Mama Lebo, kwa sababu mwaka wa kwanza nilimfokea mbele za watu kwa kuandika jina la kijidudu juu ya kifuniko cha sahani. Kifuniko kinatoka, nilimwambia, kifuniko ni kofia, mtu yeyote anaweza kuvaa kofia ya mwenzake. Jina linaandikwa chini, kwenye kitako, pale penye chakula na kijidudu mwenyewe. Tangu hapo kila mgeni anayeingia maabara Babu humtambulisha kwangu kwa hotuba hiyohiyo.

Zamani nilikuwa nacheka. Sasa nasikia tu kwamba kuna mtu anaongea.

Machi 6

T-41 ameonekana. Nilimhamisha Jumatatu, leo Ijumaa. Siku nne badala ya nane.

Profesa alikuja kutazama. Alisema amezoea maisha ya sahani, kijidudu cha porini kikilishwa kila siku hunenepa kama mtu. Profesa ni mama mwenye haraka, hutembea huku ameshaanza sentensi, na akisema jambo linakuwa limeisha. Babu alikuwa na huzuni. Alishachagua jina, amelitafuta kwenye kamusi ya Kilatini mwezi mzima, lenye maana ya anayekawia. Sasa anayekawia ameharakisha. Aliniuliza mimi naonaje. Nikasema sioni kitu.

Ilikuwa kweli. Niliona siku nne na nikajua siku nne si nane, kama unavyojua kwamba nje kuna baridi ukiwa ndani.

Machi 9

Mvua siku ya saba. Dari la chumba cha mizani linavuja. Nimeweka ndoo.

Machi 12

Nimehamisha.

Machi 14

Dada alikuja tugawane nguo za mama. Yeye ni mkubwa wangu kwa miaka sita, na kulia kwake hakuna aibu. Analia huku anakunja, machozi yanadondokea nguo anazozikunja. Mimi nilipanga. Nguo za kutoka upande huu, za nyumbani upande huu, zilizochakaa kwenye gunia. Nilizikuta soksi nne zisizo na wenzake, nikaziweka peke yake.

Dada akaniangalia. Alisema kwa miaka miwili ni mimi niliyemwogesha mama, niliyemlisha, niliyemgeuza kitandani, yeye alikuwa anakuja Jumapili na matunda. Ajabu ni kwamba mgeni wa Jumapili analia na mlezi hana hata chozi. Hakusema kwa ubaya. Kisha akasema watu wanaulizana.

Nikamjibu waulizane. Tukanywa chai.

Machi 19

Babu amerudia kipimo cha chumvi kwa ajili ya makala. Mwaka jana T-41 hakuota kabisa kwenye chumvi ya asilimia tatu. Sasa anaota hadi tano. Babu alikaa na matokeo mkononi muda mrefu, haimbi. Akaniuliza kama chumvi niliipima vizuri. Nikasema nilipima vizuri. Akasema labda ile ya mwaka jana ndiyo ilikosewa.

Mtu mwingine angesimama hapo. Kijidudu kimebadilisha mwendo, kimebadilisha na ladha, na fundi sanifu aliyekaa maabara miaka kumi na tisa, yaani mimi, anasema nilipima vizuri na kwenda kuosha mikono.

Machi 22

Jumapili, lakini ni siku ya kumi. Nimekuja, nimehamisha, nimerudi. Barabarani maji yalifika kwenye vifundo vya miguu.

Machi 25

Leo T-41 amesafiri. Babu amefunga mirija kumi na miwili, sita kwa kila benki, ameizungushia pamba na karatasi na plastiki na boksi na boksi jingine. Mkewe alikuwa kwenye simu akiomba dua mwanzo mpaka mwisho, simu ikiwa imeegemezwa kwenye chupa ya spiriti. Profesa alisubiri dua iishe ndipo atie sahihi. Sikutegemea hilo kutoka kwake.

Jina limebadilishwa. Sasa linatokana na rangi.

Machi 28

Mvua. Mvua. Daktari ameniuliza kama naandika, nikamwonyesha. Alisoma ukurasa mmoja akasema naandika mengi kuhusu vijidudu. Nikamwambia ndiyo kazi yangu.

Aprili 1

Nimehamisha. Safari iliyopita vidoa vilionekana siku ya tatu.

Aprili 4

Fundi wa mabwawa alileta sampuli za mwezi. Huyu ni mzee mnene mwenye buti za mpira, hutuita madaktari wa mavi na anasema sisi wote, profesa na yeye, tunakula jasho la vyoo vya wenzetu. Leo hakuwa na utani. Ukuta kati ya bwawa la pili na la tatu umezidiwa, maji yamechanganyika, tope la chini limevurugwa lote. Alisema katika miaka yake yote hajaona. Nilimshukuru, nikaandika tarehe kwenye chupa.

Aprili 9

Barua pepe imefika kutoka benki ya kwanza. Babu alikuwa ananunua mkate, kwa hiyo Profesa aliisoma mbele yangu kwanza. Mistari minne. Wamefungua mirija, wamemwotesha, wamesoma jeni lake kama wanavyofanya kwa kila mgeni. Si mpya. Ni yule wa kawaida wa kwenye mitaro, anafanana naye kwa asilimia mia moja. Wanaomba tuhakiki tulichotuma.

Profesa alitoa sahani ya T-41 kwenye kabati la joto, akaniambia nisome jeni upya leoleo. Nikafanya. Kazi hiyo inachukua saa nyingi na haihitaji moyo, mikono inatosha.

Babu aliporudi na mkate wake aliisoma barua akiwa amesimama. Aliisoma tena. Kisha akakaa kwenye kiti kirefu, akamega kipande cha mkate, akakishika bila kukila.

Aprili 10

Jeni limesomwa. Ni T-38.

Profesa alimwita Babu ofisini na aliniita mimi kama shahidi. Aliongea polepole, nami sijawahi kumsikia akiongea polepole. Alisema kuna mambo mawili. Ama vijidudu viwili vilichanganywa, na basi ni lini na nani. Ama T-41 hakuwahi kuwepo, na matokeo ya mwaka mzima yalipikwa na mtu anayeishiwa muda.

Babu alisema, "Profesa, nimefundisha watoto miaka ishirini na minne wasiibe majibu."

"Mwalimu, sikukuuliza umefundisha nini. Nimekuuliza nini kimetokea kwenye sahani."

"Sijui," Babu akasema.

Nilikuwa nimesimama karibu na mlango. Nilitazama viatu vya Babu, vilikuwa na tope. Profesa alisema jeni tulilolisoma mwanzo bado liko kwenye karatasi, lakini karatasi si kiumbe. Bila kiumbe hai hakuna jina, bila jina hakuna shahada, na kamati itataka kujua kama ni uzembe au ni wizi. Hapo nilimwona kama mtu anayeogopa. Makala ina jina lake pia.

Aprili 11

Siku ya kumi. Nimehamisha. Hakuna aliyeniambia niache, na sina kingine cha kufanya Jumamosi. Nimehamisha bakteria wa mtaroni kwa uangalifu wote.

Aprili 13

Mganga hajigangi.

Leo nimefungua daftari la maabara tangu mwanzo. Kila siku ya kuhamisha tunapiga picha ya sahani, tunaichapa, tunaibandika. Nimepita Januari. Nimepita Februari 10. Picha ya Februari 20 ina sahani mbili kando kwa kando, zimefunikwa, zimepigwa kutoka juu. T-41. T-38. Mwandiko ni wangu, ile nne yangu iliyofungwa juu. Nimeisogeza kwenye taa. Wino uko juu ya kifuniko.

Nilikaa nayo. Nilijaribu kukumbuka siku hiyo. Nakumbuka kwamba niliosha mikono na chini ya kucha kulikuwa na udongo mwekundu wa makaburini. Nakumbuka niliona aibu kuingia na udongo ule mahali pasafi, nikazisugua kucha kwa brashi. Kuandika sikumbuki. Nilivihamisha vijidudu viwili, nikavivisha kofia, kofia zikabadilishana, na siku kumi baadaye sahani iliyojaa nikaiita T-41 na ile yenye vidoa vya ncha ya sindano, yule wa siku nane, mwenyewe, nikamtia kwenye otoklevu kwa dakika ishirini.

Hakuna mwingine. Si kwenye friza, si kwenye sahani. Bwawa lenyewe limevurugwa.

Nimerudisha daftari kwenye rafu. Nimefunga maabara. Nyumbani nimepika, nimekula, nimelala. Nimelala vizuri kuliko siku zote, na hilo ndilo nililoliogopa nilipoamka.

Aprili 14

Sikusema.

Aprili 15

Sikusema. Mvua imepungua.

Aprili 16

Babu ameanza kupanga vitabu vyake kwenye maboksi. Anaimba puani. Nimegundua kwamba wimbo ni uleule tangu nimjue na kwamba hajui mwisho wake, akifika mahali fulani anarudi mwanzo.

Sikusema.

Aprili 17

Kamati imemwandikia Babu barua. Ajieleze kwa maandishi kwa nini asifutiwe usajili. Kikao ni Aprili 28. Barua inataka pia maelezo ya fundi sanifu. Kwa hiyo hata mimi nimeandikiwa.

Nilimkuta chumba cha kuoshea vyombo. Alikuwa anasugua chupa, kazi yangu, kwa sababu hakuna aliyemkataza. Saa saba ilikuwa imepita na nilikuwa nimemsikia akimwambia mkewe kwamba amekula.

Nikamwambia, "Ni mimi. Februari ishirini niliandika juu ya vifuniko."

Hakugeuka. "Najua," akasema.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu Februari ishirini na tatu."

Alifunga bomba ndipo akanieleza. Ile Jumatatu alizifungua sahani zote mbili apige picha ya ndani kabla hazijaota kitu. Vifuniko aliviweka mezani. Alipomaliza akavirudisha, akazigeuza sahani kama ilivyo kawaida, akakuta chini ni peupe. Mama Lebo hajaandika chini. Alisimama pale, alisema, akafikiri: mama wa watu ametoka kuzika juzi, nikimwonyesha hili atajiona hafai hata kwa kazi. Akachukua kalamu, akaandika majina chini kwa kufuata vifuniko, akaiga nne yangu, kisha akafuta ya juu kwa spiriti. Hakuandika popote kwamba amefanya hivyo. Aliamini vifuniko amevirudisha vilipokuwa.

"Siku nne zilipotokea nikaanza kuogopa," akasema. "Chumvi ilipokubali nikajua. Lakini ningesema, ningekutaja."

Nilikasirika. Naandika hapa kwa sababu daktari alisema chochote, na hiki ni kitu cha kwanza nilichohisi tangu Februari: nilikasirika mpaka masikio yakawa ya moto. Nilimwuliza nani alimwomba huruma yake. Nilimwambia angenifokea siku ileile, kama nilivyomfokea yeye, tungehamisha upya kwa dakika tano na T-41 angekuwa hai. Nilimwambia ameua kitu ambacho hakikuwa na mwenzake duniani ili mimi nisione haya.

Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema kwa upole, "Mama, mimi nilimbadilisha jina tu. Aliyemchemsha ni wewe."

Tukatazamana. Sijui nani alianza, lakini tulicheka, wazee wawili kwenye chumba cha kuoshea vyombo, kicheko kibaya kinachouma mbavu. Kilipokwisha Babu akafuta miwani. Alisema mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye aliwafundisha watoto methali hiyo mwaka hata mwaka.

Aprili 18

Nimeandika maelezo yangu kwa kamati. Ukurasa mmoja. Februari 20 niliandika majina juu ya vifuniko kinyume cha utaratibu. Vifuniko vilibadilishana. Machi 2 nilimteketeza T-41 nikidhani ni T-38. Mwanafunzi hakupika matokeo, T-41 alikuwepo.

Sehemu ya Babu sikuiandika. Kanuni iko wazi: anayebadilisha maandishi ya sampuli bila kuandika kwenye daftari anafukuzwa, haonywi wala hajadiliwi. Kwa miaka kumi na tisa sijaandika uongo kwenye karatasi ya maabara hii, na sasa niliandika ukweli uliokatwa kipande. Nilishangaa jinsi ulivyokaa vizuri.

Aprili 20

Tumekwenda bwawani, Babu, fundi wa mabwawa na mimi. Mvua imeacha siku mbili na tope la kingo limeanza kushika. Babu anasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Fundi wa mabwawa alisema koleo hatulijui, sisi tuna ndoo. Alitushika mikono tusiteleze, akatuonyesha mahali ambapo bwawa la pili lilikuwa na kina kabla ya ukuta kuzidiwa. Tulichota ndoo tatu. Harufu ilikuwa kali, na nilitambua kwamba wiki nyingi nilikuwa siisikii.

Nimepaka sahani arobaini. Siku ya nane ni Aprili 28.

Nilimpa Babu maelezo yangu ampelekee Profesa, kwa kuwa alikuwa anapita. Aliyasoma njiani, najua, kwa sababu alirudi.

"Mbona mimi simo?"

"Umo kwenye kesi," nikasema. "Inatosha."

Alisimama kidogo akitafuna kifuniko cha kalamu, akaenda.

Aprili 22

Jua. Dada amepiga simu. Nilimwambia niko salama, akasema sauti yangu imebadilika. Nikamwuliza imebadilikaje. Akasema angalau nimeuliza.

Aprili 25

Sahani zina kila rangi ila ile. Nyeupe, njano, moja ya kijani inayonuka zabibu. Siku ya tano tu. Babu haimbi.

Aprili 28

Asubuhi saa mbili tulizitazama sahani zote arobaini, moja moja, dirishani. Karoti haimo. Babu alihesabu tena kutoka mwisho kwenda mwanzo. Hakuna. Saa nne tukaenda kwenye kikao.

Meza ndefu, watu watano, Profesa pembeni akiwa hana haraka yoyote. Mwenyekiti wa kamati alimwomba katibu asome maelezo ya fundi sanifu. Katibu ni kijana mwenye sauti ya kusoma ratiba ya mitihani. Alisoma ya kwangu yote, vifuniko, otoklevu, tarehe, na nilikuwa nayafuata kwa midomo kwa sababu nayajua kwa moyo. Alipofika kwenye sahihi yangu hakunyamaza. Alisema chini ya sahihi kuna nyongeza kwa mwandiko mwingine, na yeye anaisoma kama ilivyo.

Nimeomba nakala baadaye, naiandika hapa isipotee:

"Maelezo haya ni ya kweli lakini hayajakamilika. Februari 23 niliona kosa la fundi sanifu nikalifunika. Niliandika majina chini ya sahani na kufuta ya juu, sikuandika kwenye daftari, na ni mimi niliyebadilisha vifuniko. Sikumwambia kwa sababu mama yake alikuwa amezikwa siku nne kabla, na yeye alikuja kazini akiwa peke yake, na hakuna aliyemwambia arudi nyumbani. Nilipaswa kumwambia mimi."

Katibu alisoma yote kwa sauti ileile, bila kupandisha wala kushusha. Watu watano walinigeukia.

Nilianza kulia. Kwa kweli sikuanza, ilinianza. Nilijaribu kusema samahani ikatoka sauti nisiyoijua, ya ng'ombe. Mwenyekiti akasukuma jagi la maji kuelekea kwangu na hakuna aliyekumbuka glasi. Profesa aliinuka, akaja akasimama nyuma ya kiti changu, akaweka mkono begani na akauacha hapo muda wote walipoendelea kuongea. Yale waliyoyaongea sikuyasikia. Niliwasikia wakipiga kura kwa mikono kwa sababu viti vililia.

Uamuzi alinipa Babu, nje kwenye korido. Kanuni inasema afukuzwe. Profesa alisema akifukuzwa aliyeandika ukweli hadharani, basi mwaka kesho hakuna mwanafunzi atakayemwandikia ukweli wowote, na kwamba siku ya Februari 20 yeye mwenyewe aliniona nikiingia akafurahi kwamba kazi haitalala. Wamempa miezi sita, Juni 30 wameiruka. Asipompata T-41 katika miezi hiyo, basi. Sisi wawili tuna barua za onyo, na mimi mwaka mzima sitashika waya, nitasimama pembeni nikitazama mtu mwingine akihamisha. Nilimwuliza Babu kama miezi sita inatosha. Akasema hajui, bwawa ni kubwa na yule mnyama ana aibu.

Nililia tena kwenye benchi la korido. Yeye alikaa. Simu yake ikaita, ilikuwa saa saba, akamwambia mkewe kwamba hajala, atakula baadaye, sasa hivi yuko na mtu.

Mama alikufa Februari 17, saa kumi na moja alfajiri. Dada alikuwa ameishika mikono yake yote miwili, kwa hiyo mimi nilishika mguu. Nilikuwa nimeukata kucha juzi yake na kidole gumba nilikikata vibaya, nikamwomba radhi, akasema si kitu. Nilikuwa bado nimeushika majirani walipoingia, na ulikuwa bado na joto.